Mashine Zisizoelewana: Linux, Maunzi na Kazi ya Mwanaisimu Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi katika idara zetu kuizungumzia kompyuta kwa upande mmoja tu, yaani upande wa istilahi. Tunajadili iwapo inafaa kusema kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tunapima uzito wa viambishi na asili ya mashina. Mjadala huo una thamani yake, na makala haya hayakusudii kuubeza. Hata hivyo, ndani ya kompyuta kuna suala jingine la lugha ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamewaachia mafundi. Suala hilo ni lugha ambayo mashine yenyewe huitumia kuwasiliana na vifaa vilivyounganishwa nayo: printa, skana, kadi ya sauti na kifaa cha kunasa mtandao usiotumia waya.

Suala hili hujitokeza kwa uwazi zaidi kwa mtumiaji wa Linux. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiini hicho hutolewa bila malipo pamoja na msimbo wake, na kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kwa taasisi zenye bajeti finyu kama zetu, mfumo huu ungetarajiwa kuwa chaguo la kwanza. Haukuwa hivyo, na sababu inayotajwa mara nyingi kuliko zote ni kwamba vifaa havifanyi kazi.

Lalamiko hilo ni la haki. Tunapotofautiana na walalamikaji ni katika chanzo chake na dawa yake. Makala haya yanadai kuwa tatizo la Linux na maunzi ni tatizo la usanifishaji, kwa maana ileile ambayo neno hilo linayo katika historia ya Kiswahili, na kwamba ufumbuzi wake uko zaidi mikononi mwa wanunuzi wa vifaa, zikiwamo idara zetu, kuliko mikononi mwa waandishi wa programu.

2.0 Mahitaji ya mtafiti uwandani

Mkoa wa Singida ni mahali panapofaa kuonyeshea jambo hili. Ni sehemu chache sana barani Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali kiasi hicho zinapakana. Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo na Kikimbu ni lugha za Kibantu. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Nacho Kihadzabe, kinachozungumzwa na watu wapatao elfu moja kandokando ya Ziwa Eyasi na kufika hadi Wilaya ya Mkalama, hakijathibitishwa kuwa na uhusiano wa nasaba na lugha nyingine yoyote. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulidhihirisha ni kiasi gani cha kazi bado kinahitajika katika lugha hizo.

Kazi hiyo haifanyiki tena kwa daftari na kalamu peke yake. Kinyaturu kina irabu saba pamoja na toni. Kihadzabe kina vidoko. Mtafiti anahitaji maikrofoni nzuri, kadi ya sauti isiyoharibu mawimbi, kibodi inayoweza kuandika alama za kifonetiki, na namna ya kuchapa hojaji na matini za kuwasomea watoa taarifa. Kwa upande wa programu, Linux haina upungufu wa kutajwa. Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inayotumika kuchanganua sauti, hufanya kazi humo. Vivyo hivyo ELAN ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, inayotumika kunukuu rekodi za sauti na picha. Zote mbili hupatikana bila malipo. Alama za kifonetiki nazo huandikika bila taabu.

Tatizo huanza pale waya unapochomekwa. Mwandishi wa makala haya amefanya kazi uwandani katika mkoa huo kwa kompyuta mpakato yenye Linux, na uzoefu alioupata hautofautiani na wa wengine waliojaribu. Kadi ya mtandao haikutambuliwa. Programu ya kuitambulisha ilikuwa intaneti, na mlango pekee wa kufikia intaneti ulikuwa kadi ileile. Printa ya duka moja la steshenari mjini ilipokea kazi ya kurasa kumi na mbili ikatoa kurasa kumi na mbili nyeupe. Kompyuta iliyofunikwa wakati wa safari ilikataa kuzinduka ilipofunuliwa, ikabidi izimwe kwa nguvu na kazi ya asubuhi nzima ipotee. Katika duka lilelile, kompyuta ya mwenye duka iliyokuwa na Windows ilichapa hojaji hiyohiyo kwa muda usiozidi dakika tatu.

Ni vema kusisitiza kuwa gharama ya kutoelewana huku haigawanyiki sawa. Aliyeko Mlimani, Dar es Salaam, ana mwenzake wa idara ya kompyuta jirani na mtandao wenye kasi. Aliyeko kijijini Mkalama analipa kwa nauli ya basi ya kurudi mjini, kwa siku mbili za watoa taarifa waliokwishaacha shughuli zao za shamba, na pengine kwa mzee ambaye hatapatikana tena msimu ujao. Mfumo unaoshindwa mara moja kati ya mara kumi ni kero kwa mtu wa mjini. Kwa mtafiti wa lugha yenye wasemaji wachache ni upotevu usiofidika.

3.0 Draiva ni mkalimani

Ili kukielewa chanzo, hatuna budi kueleza kifaa na mfumo endeshi vinavyowasiliana. Kila kifaa kina seti yake ya amri: kwa amri fulani kinavuta karatasi, kwa amri nyingine kinabadilisha kasi ya kunasa sauti. Mfumo endeshi kwa upande wake unajua tu kwamba mtumiaji anataka kuchapa au kurekodi. Kati ya viwili hivyo hukaa programu ndogo inayofasiri matakwa ya huyu kwa lugha ya yule. Programu hiyo ndiyo draiva, ambayo wengine wameipa jina la kiendeshi. Majina yote mawili yanatokana na dhana ya kuendesha chombo. Kwa mtazamo wa mwanaisimu, kazi yake hasa ni ya mkalimani.

Swali la msingi basi ni hili: nani anamwajiri mkalimani huyo? Mifumo mitatu mashuhuri hulijibu kwa namna tatu. Apple hutengeneza kompyuta na mfumo endeshi pamoja. Inachagua vifaa vichache vya ndani na kuwafunza wakalimani wake yenyewe. Microsoft haitengenezi sehemu kubwa ya vifaa vinavyotumika na Windows. Badala yake kila mtengenezaji huandika draiva yake kwa sababu bila hiyo hatauza. Katika Linux, utaratibu uliozoeleka ni kwamba draiva huandikwa na jumuiya ya wanaprogramu, baadhi yao wakiwa waajiriwa wa makampuni na wengine wakiwa ni wa kujitolea, kisha huingizwa ndani ya kiini chenyewe na kutunzwa humo.

Utaratibu huu wa tatu una faida ambayo husahaulika. Draiva iliyokwisha kuingia katika kiini haitegemei tena hiari ya mtengenezaji. Ndiyo maana vifaa vingi vya zamani, ambavyo watengenezaji wake waliacha kuvihudumia Windows ilipobadilika, vinaendelea kufanya kazi katika Linux. Kwa nchi ambamo kifaa hutumika mpaka kife, hili si jambo dogo. Lakini faida hiyo ina sharti moja: awepo mtu anayeifahamu lugha ya kifaa. Sharti hilo ndilo lililokosekana mara nyingi.

4.0 Kuandika sarufi bila msemaji

Watengenezaji wengi wameichukulia lugha ya vifaa vyao kuwa siri ya biashara. Uzito wa jambo hili ulionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, akiwa katika maabara ya akili bandia ya taasisi ya MIT nchini Marekani, alinyimwa msimbo wa programu ya printa ya Xerox ambayo alitaka kuirekebisha. Mkasa huo ni miongoni mwa yale aliyoyataja kuwa yalimsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ambao programu zake ndizo zilizounganishwa na kiini cha Linux kufanya mfumo kamili. Kwa maneno mengine, vuguvugu lote la programu huria lina mzizi mmoja katika printa isiyoeleweka.

Walionyimwa sarufi walifanya kile ambacho mtafiti wa lugha hufanya: walisikiliza. Mradi wa Nouveau, ulioanza katikati ya muongo wa 2000 kwa ajili ya kadi za picha za Nvidia, unafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu nyanjani. Wanaprogramu waliiendesha draiva ya kampuni, wakarekodi kila ilichokiambia kifaa, wakabadilisha kitu kimoja kimoja na kulinganisha, mpaka wakapata jozi za mlinganuo wa finyu na kutokana nazo wakakisia kanuni. Hawakuwa na msemaji wa kuwathibitishia kama sentensi waliyoitunga ilikuwa sahihi. Walichokuwa nacho ni skrini iliyowaka au iliyobaki nyeusi. Kazi yao iliingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Sarufi iliyopatikana kwa njia hiyo haikuweza kuwa timilifu, kama vile maelezo ya lugha yaliyotokana na mazungumzo ya kusikiliza mlangoni yasivyoweza kuwa timilifu.

Mwaka 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliishutumu kampuni hiyo hadharani kwa lugha kali isiyofaa kunukuliwa katika jarida hili. Mwezi Mei 2022, Nvidia ilitoa msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa katika kiini. Broadcom, ambayo kadi zake za mtandao ziliwasumbua wengi, ilikuwa imefanya hivyo kwa kadi zake mpya mwaka 2010. Itoshe kusema kwamba kizuizi hakikuwa uwezo wa Linux. Ushahidi ulio wazi zaidi uko mifukoni mwetu: simu za Android hutumia kiini cha Linux, na hakuna anayelalamika kwamba kamera au spika ya simu yake haikutambuliwa. Mtengenezaji alipoona faida, mkalimani alipatikana.

Pamoja na hayo, uadilifu unatutaka tuseme kuwa upande wa Linux nao una sehemu yake ya lawama. Wasimamizi wa kiini wamekataa kwa makusudi kuweka kiolesura cha ndani kisichobadilika, wakitaka kila draiva iletwe ndani ya kiini. Kanuni hiyo ina mantiki, lakini humfanya mtengenezaji aliyeandika draiva ya pembeni aone kazi yake ikivunjika kila toleo jipya linapotoka. Aidha, baadhi ya jumuiya zilishikilia usafi wa kanuni kiasi cha kumwacha mtumiaji bila mtandao. Debian, mojawapo ya matoleo makongwe, ilikuwa ikiziacha nje ya kisakinishi chake rasmi programu dhibiti zisizo huria, yaani zile ambazo kifaa hupakiwa ili kiamke. Ni baada ya kura ya mwaka 2022 ndipo Debian 12 ya mwaka 2023 ilipotolewa ikiwa nazo. Kwa mtu aliyeko kijijini, usafi wa kanuni usiomwezesha kuunganishwa ni anasa.

5.0 Tafsiri ilipoishia

Hapa yafaa tuitazame hatua ambayo sisi wenyewe tumeichukua. Mwaka 2004, Idara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden ilianzisha mradi wa Kilinux, ambao ulitoa faharasa ya istilahi na toleo la Kiswahili la programu ya ofisi lililoitwa Jambo OpenOffice. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Yalikuwa mafanikio makubwa, nayo yalithibitisha kuwa Kiswahili kina uwezo wa kubeba dhana hizo.

Hata hivyo, tukilinganisha juhudi hizo mbili tunaona tofauti ambayo haikuhusu ubora wa istilahi. Kifurushi cha Microsoft kilikaa juu ya mfumo ambao tayari ulikuwa unaelewana na vifaa vilivyoko madukani Kariakoo na mjini Singida. Mfumo huria ulizungumza Kiswahili na mtumiaji lakini mara nyingi haukuzungumza na printa yake. Mtumiaji akilazimishwa kuchagua kati ya mashine inayomwambia chapa bila kuchapa na mashine inayomwambia neno hilo kwa Kiingereza ikachapa, atachagua ya pili, na hakuna mwanaisimu atakayemlaumu.

Funzo lake ni kwamba upangaji wa lugha katika teknolojia hauishii kwenye sura ya programu. Istilahi ni tabaka la juu. Chini yake kuna tabaka la fonti na kibodi, na chini zaidi kuna tabaka la mawasiliano ya vifaa. Tabaka la chini likivunjika, la juu halisomwi na mtu.

6.0 Usanifishaji wa lugha za vifaa

Wasomi wa Kiswahili wanaijua vizuri historia ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Kiunguja hakikufanywa msingi wa lugha sanifu kwa kuwa kilizidi Kimvita au Kiamu kwa ufasaha. Kilichotafutwa ni kwamba kitabu kimoja kisomeke Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar bila kuhitaji mfasiri kila kituo.

Jambo hilohilo limekuwa likitendeka katika vifaa, kimyakimya. Badala ya kila printa kuwa na lugha yake, kundi la wahandisi wa uchapaji liliweka kaida iitwayo IPP Everywhere mwaka 2013. Apple ilikuwa imetangulia na AirPrint mwaka 2010. Printa inayofuata kaida hizo haihitaji draiva ya peke yake, iwe inatumiwa na Windows, macOS au Linux. Kadi za sauti zinazofuata kaida ya jumla ya sauti kwa USB hutambuliwa papo hapo na mifumo yote mitatu. Kamera nazo zina kaida yao. Mwaka 2023 Microsoft yenyewe ilitangaza kuwa itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za makampuni mengine na kuegemea IPP. Maana yake ni kwamba hata aliyekuwa na wakalimani wengi kuliko wote ameona gharama ya kuwalisha.

Ni kweli kuwa usanifishaji una hasara zake, katika mashine kama katika lugha. Kaida hubeba yale ya wote. Umahususi wa kifaa, kama vile kitufe cha pekee au marekebisho ya rangi, hubaki katika lahaja ya mtengenezaji. Lakini mtafiti uwandani anahitaji karatasi yenye maandishi na sauti isiyo na mikwaruzo. Hayo yote yamo katika lugha sanifu.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Suala hili lina udharura wake. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za shule na vyuo vyetu, hasa zile zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika au zilizotolewa msaada, hazitimizi masharti hayo. Taasisi zitakuwa na njia tatu: kununua mpya, kuendelea bila kinga, au kuweka Linux. Njia ya tatu ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wengi, lakini itawarudisha watumiaji kwenye lalamiko lilelile endapo vifaa vya pembeni vitaendelea kununuliwa bila kuuliza vinazungumza lugha gani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila idara inapoandaa maelezo ya zabuni ya printa, skana au kinasa sauti iweke sharti kuwa kifaa kifuate kaida za jumla au kiwe na draiva huria ya Linux. Sharti hilo haliongezi bei, kwa kuwa vifaa vya namna hiyo vipo katika kila daraja la bei, na halimzuii anayependa Windows kuendelea nayo. Pili, idara zinazotuma wanafunzi uwandani zitunze orodha ya vifaa vilivyojaribiwa, kwa Kiswahili, ikitaja kifaa, toleo la mfumo na matokeo. Orodha ya kurasa mbili ingemwokoa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aendaye Mkalama zaidi ya kozi nzima ya nadharia ya kompyuta. Tatu, utafiti wa istilahi ushuke kutoka kwenye menyu hadi kwenye taarifa za hitilafu. Mtumiaji humhitaji mfasiri pale mambo yanapokwenda mrama, nasi tumemfasiria pale yanapokwenda vizuri tu.

Wapo watakaosema kuwa kazi hiyo si ya wanaisimu. Sisi tunaona ni yao hasa. Fani yetu imefundisha kwa miongo mingi kwamba pande mbili zisizoelewana hazina budi kupata lugha ya pamoja, na kwamba lugha hiyo haipatikani kwa bahati bali kwa maamuzi ya taasisi. Hati ya ununuzi inayotiwa saini na mkuu wa idara ni uamuzi wa namna hiyo, nayo ina uzito katika maisha ya lugha za Singida sawa na kikao chochote cha istilahi.